Safari ya familia Pwani: pesa za mchango zikae wapi?

Ikifika mwezi wa 6 hivi, grupu za WhatsApp za familia huku Eastlands huanza kuchemka. Mtu wa Umoja anaweka picha ya bahari. Wa Donholm anajibu na moyo mwekundu. Wa Kayole, ambaye hapendi maneno mengi, anauliza, "Ni ngapi kila mtu?" Kabla wiki iishe imekubaliwa: Desemba tunashuka Pwani wote, na shosho tunaenda naye. Linabaki swali moja, na huwa linajibiwa haraka kuliko yote. "Tutume kwa nani?" "Tumeni kwa Anti, yeye ni mwaminifu."

Uaminifu wa Anti tuuache kando, hatuna shaka nao. Somo la leo linahusu laini yake ya simu.

Tutumie familia ya mfano. Watu ni 15: shosho, watu wazima 10 wanaochanga, watoto watatu wa kati ya miaka 3 na 11, na mmoja wa mwaka mmoja. Mpango wao ni kushuka na treni, kuona Fort Jesus na Mji wa Kale wa Mombasa, kisha kupanda na matatu ya kukodi kufuata ufuo wa kaskazini: Mtwapa, daraja la Kilifi, Watamu, magofu ya Gede, hadi Malindi. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120. Watalala usiku nne kwenye nyumba moja ya kukodisha.

Hesabu kubwa ya kwanza ni treni. Nauli ya Madaraka Express, daraja la kawaida, Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 tangu ilipopandishwa Januari 2024 kutoka 1,000. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, wa chini ya hapo halipi. Kwa hivyo watu wazima 11 ni 16,500, watoto watatu ni 2,250, jumla 18,750 kwenda. Kwenda na kurudi ni 37,500. Nyumba tuseme ni 9,000 kwa usiku, hiyo ni 36,000. Tayari tuko 73,500, na hakuna mtu amekula hata mahamri.

Wakichanga 500 kila wiki kwa wiki 24, watu 10 watakuwa na 120,000. Baada ya treni na nyumba zinabaki 46,500 za matatu, chakula na viingilio. Inawezekana, bora hizo 120,000 ziwe 120,000 kweli.

Neno moja kuhusu ada, kwa sababu watu hudhani kutuma kidogo kidogo ni kupoteza. Kwa bei za M-Pesa za sasa, kutuma 500 kunakatwa shilingi 7. Mara nne kwa mwezi ni 28. Ukingoja mwisho wa mwezi utume 2,000 kwa mpigo, unakatwa 33. Kwa hivyo mchango wa kila wiki ndio nafuu hapo! Lakini usivuke 500: ukituma 550, ada inaruka hadi 13. Ukiweza kutuma 12,000 zote mara moja utakatwa 100 tu, ila sote tunajua mtu mwenye 12,000 zimekaa tu mwezi wa 6 ni nadra.

Laini ya Anti

Sasa tuje pale ambapo familia huvurugana. Anti ana laini moja. Hiyo hiyo ndiyo anapokea mshahara, ananunua stima, analipa kodi ya nyumba, na hiyo hiyo ina Fuliza. Mwezi jana mambo yalimkaba, akafuliza, na deni sasa ni 3,200. Hilo si kosa, ndiyo maisha ya Nairobi.

Wiki ya kwanza ya mchango watu 10 wanatuma 500 kila mmoja. Anti anapaswa kuwa na 5,000. Anaangalia salio anaona 1,800.

Hakuna aliyeiba. Fuliza, tangu ilipoanza Januari 2019, hufanya kazi hivyo: pesa yoyote ikiingia kwenye laini yenye deni, deni linakatwa kwanza. Haliulizi kama ni mshahara au ni mchango wa safari ya shosho, na haliombi PIN. Michango sita ya kwanza imekwenda yote, wa saba umekatwa 200, mitatu ya mwisho ndiyo imepita salama.

Anti sasa ana njia mbili. Aiambie familia nzima kwamba alikuwa na deni, au anyamaze arudishe polepole. Wengi hunyamaza, kwa sababu ya aibu, na kwa sababu kweli wana nia ya kurudisha. Halafu mwezi wa 9 mtoto anaugua, zile za kurudisha zinaenda hospitali, na mwezi wa 11 mwenye nyumba kule Watamu anapodai pesa, hesabu haifiki. Hapo ndipo maneno huanza: "Kumbe alikuwa anakula pesa zetu." Nimesikia dada wa tumbo moja wakikosa kusalimiana kwa kiasi kisichofika shilingi 10,000.

Hata bila deni, kuna shida nyingine ya kawaida zaidi. Simu huonyesha salio moja tu. Ikionyesha 23,400, ni ngapi za safari na ngapi za Anti? Yeye mwenyewe akiulizwa ghafla sokoni hawezi kusema. Na kuna jambo watu hawapendi kulitaja: mwenye laini akiaga dunia, zile pesa zote zinahesabiwa kuwa mali yake. Kuzitoa kunahitaji cheti cha kifo na nyaraka nyingine, na wakati huo hakuna mtu anayetaka kuwa yule anayeulizia pesa za beach.

Kwa hivyo, kabla ya shilingi ya kwanza kutumwa, pesa zipewe nyumba yake. Kama ni safari moja tu ya miezi sita, mimi naona laini mpya iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina inatosha, mradi isijiandikishe mkopo wowote na isitumike kwa kitu kingine, hata airtime. Kama familia huenda kila mwaka, au mna chama tayari, fungueni akaunti ya kikundi benki, yenye watu watatu wa kutia sahihi na angalau wawili wakihitajika kutoa. Benki itaomba vitambulisho, majina ya wanachama na kumbukumbu za kikao mlichokubaliana, kwa hivyo mtu mwenye mwandiko mzuri aandike kikao hicho vizuri. Michango hutumwa kwa Paybill ya benki, na mahali pa akaunti unaweka namba ya akaunti ya kikundi.

Kisha pesa zionekane. Kila Jumapili jioni mweka hazina anaweka kwenye grupu stetimenti ya wiki, ile inayoombwa kupitia *334# au kwenye programu ya simu. Picha ya skrini ya salio pekee haitoshi. Inaonyesha leo tu, haionyeshi zilikotoka wala zilikopita. Stetimenti ikiwekwa kila wiki, hakuna atakayehitaji kumuuliza Anti swali lile gumu, na Anti hatahitaji kulingoja.

Nyumba ambayo haipo

Pesa zikishakusanyika, kuna mtu mwingine anazisubiri. Ana picha kumi za nyumba nzuri yenye bwawa, bei iko chini kidogo ya wengine, na ana haraka. "Kuna familia nyingine inaitaka, tuma arubuni leo." Familia inafika Watamu saa mbili usiku na shosho amechoka, na askari wa geti hajawahi kusikia jina hilo.

Mwambie mwenye nyumba apige simu ya video akiwa ndani, mchana. Atembee, afungue mfereji jikoni, atoke nje aonyeshe geti na barabara. Mwenye nyumba halisi ataona ni usumbufu lakini atafanya. Tapeli huwa na sababu: mtandao mbaya, yuko safarini, mlinzi ana ufunguo. Kama kuna mtu wenu Mombasa au Malindi, hata rafiki wa rafiki, mpeni nauli aende aone. Nauli hiyo ni ndogo ukilinganisha na 36,000. Kama ni kampuni ya safari, ulizeni leseni yake ya Tourism Regulatory Authority, kwa sababu kampuni hizo hupewa leseni na mamlaka hiyo.

Wakati wa kulipa, somo zima liko kwenye ule ujumbe unaokuonyesha jina kabla ya muamala kukamilika. Watu hubonyeza bila kusoma. Tangazo linasema villa fulani, skrini inaleta jina la mtu ambaye hamjawahi kuzungumza naye: simama hapo. Afadhali Till au Paybill yenye jina la biashara. Si dhamana kamili ya uaminifu, lakini mtu aliyesajili biashara ameacha nyayo. Na arubuni, mimi nisingetuma zaidi ya theluthi. Kwa nyumba yetu ya mfano hiyo ni 12,000, na zilizobaki zilipwe mkishaingia, mifuko ikiwa chini na watoto wakiwa wanatafuta bafu.

Ukituma kwa mtu asiyefaa, usipoteze muda kumpigia ukimbembeleza. Tuma ujumbe wote wa M-Pesa wa muamala huo kwenda 456 mara moja. Pesa zikiwa bado kwenye laini yake kuna nafasi ya kuzizuia. Akishazitoa kwa wakala, urejeshaji huo hautakusaidia na kinachobaki ni kituo cha polisi na namba ya OB. Jumbe za utapeli zenyewe zitume 333.

Tiketi, na namba za vitambulisho

Treni hukatwa kupitia *639# au tovuti ya Shirika la Reli, na huhitaji namba ya kitambulisho ya kila mtu mzima. Desemba hujaa mapema sana, kwa hivyo tiketi ziwe kitu cha kwanza kulipiwa pesa zikitosha, hata kabla ya nyumba. Ombi langu moja: msimwage namba za vitambulisho vya familia nzima kwenye grupu yenye watu 40, nusu yao ni marafiki wa mabinamu. Kitambulisho pamoja na namba ya simu ni vitu viwili vinavyotafutwa na wale wa kubadilisha laini za watu. Kila mtu amtumie anayekata tiketi, moja kwa moja. Mkitoka Eastlands siku hiyo, treni ndogo ya kwenda Syokimau hupita Makadara na Imara Daima, na huokoa msongamano wa Mombasa Road.

Mkishafika

Stesheni ya Mombasa iko Miritini, nje ya mji, kwa hivyo bei ya matatu ya kuwatoa hapo ikubalianwe kwa simu kabla, kwa gari zima. Kisha kuna viingilio. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na magofu ya Gede, yaliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, ziko chini ya Makumbusho ya Taifa. Bahari ya Watamu iko chini ya KWS. Siku hizi malipo ya serikali hupitia eCitizen, na Paybill yake ni 222222. Kwa hivyo kijana akiwafuata ufuoni akisema, "nitumieni mimi niwalipie kiingilio," mshukuruni kwa ukarimu wake na mlipe wenyewe.

Madafu, viazi karai na samaki wa kukaanga hulipwa kwa Till au Pochi ya muuzaji. Kwa Till mteja hakatwi kitu, tofauti na kutoa pesa kwa wakala ukizunguka nazo mfukoni. Soma jina hapo pia, maana kibandiko cha Till kinaweza kubandikwa kingine juu yake na mwenye kibanda asijue.

Halafu kuna maji. Simu ya mweka hazina ikitumbukia baharini na 46,500 ndani, pesa haziozi, lakini laini mpya inahitaji kitambulisho chake halisi na duka lililo wazi. Kwa hivyo kitambulisho kisiachwe Nairobi, na pesa za matumizi zigawanywe kwenye simu mbili tangu siku ya kwanza. Moja ikiogelea, nyingine inanunua chakula cha jioni.

Siku ya kurudi, mkiwa kwenye treni, fanyeni hesabu ya mwisho. Tuseme zimebaki 3,400. Kuzirudisha kwa watu 10 kutakatwa 7 kila mmoja, yaani 70, kwa hivyo kila mtu anapata 333. Au mziache kwenye laini ziwe mbegu ya mwaka ujao. Pigeni kura kabla ya Syokimau, watu wakiwa bado pamoja, na shosho ahesabiwe kura yake ingawa hakuchanga.