Samaki Wapunguapo, Konokono Huzidi

SWALI: Bwana Mtaalamu, je, kupungua kwa samaki kwaweza kuzidisha konokono ufukweni? (Msomaji, Mbamba Bay)

JIBU: Naam, ndugu yangu, kwani wamo katika Ziwa Nyasa samaki ambao riziki yao ni konokono, nao huyaponda magamba kwa meno mapana yaliyo kooni, na kokoro liwakokotapo samaki hao katika maji machache, mawindo hubaki bila ya adui, yakazaana mno. Ndivyo ilivyodhihirika Cape Maclear, upande wa Malawi, tangu miaka ya 1980. Na kwa kuwa baadhi ya konokono hubeba vimelea vya kichocho, maradhi nayo yakaenea, hasa, kwa masikitiko makubwa, miongoni mwa watoto. Nawasihi wavuvi wetu waliache kokoro.