Mzazi, Ulizia na Hewa

Mzazi wa Loresho, utakaposhika Waiyaki Way alfajiri kumpeleka mwanao Aga Khan kule Parklands, au kuvuka mji hadi Mater, South B, kuzibwa tundu la moyo, utakuwa umeshaulizia gharama na damu. Ulizia na hewa.

Moyo ukifunguliwa, hewa huingia. Ikibaki humo, mapigo ya kwanza huisukuma hadi ubongoni, au kwenye mshipa unaoulisha moyo wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kufunga, wapasuaji huujaza moyo damu, na mtaalamu wa nusukaputi huyajaza mapafu pumzi ili hewa iliyojificha itoke. Wengine hupuliza kabonidayoksaidi juu ya kidonda, kwa kuwa huyeyuka katika damu upesi kuliko hewa. Kisha viputo hutafutwa kwa ultrasaundi. Muulize daktari mapema: "Hewa mnaitoaje, na mnahakikishaje kwamba imekwisha?" Si utovu wa adabu.

Hiyo ni kazi yao. Yako ni dripu, nayo haingoji siku ya upasuaji. Kwa mwenye moyo mzima, kiputo kidogo hunaswa mapafuni. Kwa mtoto mwenye tundu, hasa yule wa midomo ya buluu, damu yaweza kukwepa mapafu na kiputo kikaenda nayo ubongoni. Hata ambaye midomo yake haijabadilika, akilia au kukohoa kwa nguvu, mkondo waweza kugeuka. Basi ukimkimbiza zahanati Kangemi kwa kuhara tu, neno lako la kwanza liwe: "Mtoto huyu ana tundu kwenye moyo, dripu yake isiwe na hewa hata kidogo." Tazama mpira ukijazwa maji hadi mwisho kabla haujaunganishwa. Tazama sindano ikitolewa hewa. Dripu isiachwe ikauke. Ukiona kiputo, ita sista papo hapo. Usichomoe wala usigongegonge mwenyewe.

Baada ya upasuaji, hakuna amjuaye mwanao kama wewe. Akichelewa kuamka kuliko ulivyoambiwa, akipata degedege, mkono au mguu mmoja ukilegea, macho yakivutwa upande mmoja, sema saa hiyo hiyo. Usingoje raundi ya asubuhi. Tiba ya kwanza ya kiputo kilichofika ubongoni ni oksijeni ya asilimia 100, nayo hufaa zaidi ikianza mapema.