Linux Mpya Haina Sauti, Picha Haikai Sawa: Anzia Kwenye Waya

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10, watu wanaoniomba niwawekee Linux hapa Kibera na kule Kawangware wameongezeka. Kompyuta zao nyingi ni zile tunazoziita "ex-UK": zilifanya kazi ofisini ng'ambo, zikaletwa Nairobi, zikauzwa kwa bei ambayo mwananchi wa kawaida anaiweza. Ninazokutana nazo sana ni Dell OptiPlex 7010 na HP Compaq Elite 8300. Hizo ni mashine za mwaka 2012. Nyingi zina prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Kwa hivyo Windows imezifungia mlango, ilhali bado zina nguvu za kumtosha mwanafunzi, mwenye saiba na mwenye duka la filamu.

Mimi huziwekea Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024 na itakayotunzwa hadi 2029. Mara nyingi kila kitu hukubali palepale. Kisipokubali, malalamiko huwa mawili: sauti haitoki, au picha haikai sawa. Hapo wengi hukimbilia kufuta mfumo wote na kuuweka upya. Tafadhali usifanye hivyo. Faili la Mint ni karibu gigabaiti 3, na kwa mtu anayenunua data ya siku, hiyo ni pesa ya chakula. Tena ukiuweka upya kwa kutumia waya uleule mbovu, utalikuta tatizo lilelile linakungoja.

Ninachoshikilia ni hiki: sauti na picha husafiri kwa njia inayojulikana. Anzia nje, kwenye plagi na waya, uingie ndani polepole: mipangilio kwanza, draiva mwisho. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mashine ikakubali, hutajua ni kipi kilichoiponya.

Kabla hujalipa

Beba flashi yenye Linux Mint uende nayo dukani. Mint huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya mashine, kwa hiyo muuzaji hana cha kuhofia. Mwambie tu kwa heshima, "Boss, naomba niiwashe na flashi yangu kidogo." Cheza wimbo. Chomeka headphone mbele, kisha spika nyuma kwenye tundu la kijani. Angalia kama picha inajaza monita. Kinachofanya kazi kwenye flashi kwa kawaida kitafanya kazi ukishaiweka kwenye diski, na kinachogoma hapo ni bora ukijue kabla pesa haijatoka mfukoni.

Tazama pia matundu ya nyuma. OptiPlex 7010 ina VGA moja na DisplayPort mbili. Elite 8300 ina VGA moja na DisplayPort moja. HDMI hazina. Ukitaka kutumia televisheni ya nyumbani, weka bajeti ya adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI.

Picha: monita imekwama kwenye 1024x768

Hili ndilo tatizo ninaloliona zaidi. Maandishi yametanuka, duara limekuwa yai, na kwenye mipangilio ya skrini hakuna chaguo kubwa zaidi. Wengi huilaumu Linux, na hali mshukiwa wa kwanza ni waya wa VGA.

Monita huieleza kompyuta ukubwa wake kupitia waya huohuo. Plagi ya VGA ina nafasi 15 za pini. Pini ya 9 kukosekana ni kawaida, lakini ya 12 na ya 15 ndizo zinazobeba maelezo ya monita. Waya za bei ya chini huenda zisiwe na nyaya hizo ndani, au pini imepinda kwa kuchomekwa kwa nguvu. Kompyuta isiposikia chochote kutoka kwa monita, huchagua ukubwa mdogo ulio salama. Azima waya mwingine kwa jirani kabla ya kuandika amri yoyote.

Kama huna waya mwingine, unaweza kuiambia kompyuta mwenyewe. Fungua terminali, andika `xrandr`, usome jina la tundu lako. Mara nyingi ni VGA-1. Monita pana za inchi 19 kwa kawaida ni 1440x900. Basi andika:

`cvt 1440 900`

Itakupa mstari wa namba. Zitumie hivi:

`xrandr --newmode "1440x900_60.00" 106.50 1440 1528 1672 1904 900 903 909 934 -hsync +vsync`

`xrandr --addmode VGA-1 "1440x900_60.00"`

`xrandr --output VGA-1 --mode "1440x900_60.00"`

Picha ikikaa sawa, weka mistari hiyo mitatu kwenye faili liitwalo `.xprofile` ndani ya folda yako ya nyumbani, la sivyo itapotea ukizima. Njia hii inafanya kazi kwenye Xorg, mfumo wa kuchora skrini ambao Mint huutumia wenyewe. Ukitumia Ubuntu 24.04 badala ya Mint, yenyewe kwa kawaida hufungua mfumo mwingine, Wayland, kwa hiyo kwenye ukurasa wa kuingia bonyeza alama ya gia uchague Xorg kwanza.

Picha: televisheni inakata kingo

Mwenye duka la filamu akiunganisha kompyuta na televisheni, mara nyingi upau wa chini hauonekani. Hapo usiiguse Linux. Televisheni nyingi huikuza picha kidogo kwa desturi ya tangu enzi za antena. Chukua rimoti, ingia kwenye mipangilio ya picha, utafute chaguo lenye jina kama "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1".

Picha: skrini nyeusi kabisa

Kwanza hakikisha waya umechomekwa kwenye tundu sahihi. Mashine yenye kadi ya ziada ya video huwa na matundu sehemu mbili, na mara nyingi yale ya ubao mkuu huzimwa kadi ikiwepo. Stima ikipotea na kurudi ghafla, monita ya DisplayPort huweza kuganda: chomoa monita na kompyuta ukutani, subiri dakika moja, urudishe.

Bado nyeusi? Kwenye flashi ya Mint chagua "compatibility mode". Kama mfumo uko tayari kwenye diski, washa huku ukishika Shift, au ukigusa Esc kwenye mashine za UEFI, mpaka menyu ya kuwashia mfumo, iitwayo GRUB, itokee. Bonyeza `e`, tafuta maneno `quiet splash`, andika `nomodeset` mahali pake, kisha F10. Hii huifanya Linux itumie picha ya kawaida bila draiva ya kadi. Ni ngazi ya kuingilia tu, usiiache hapo. Ukishaingia, fungua Driver Manager, weka draiva inayopendekezwa kama kadi ni ya NVIDIA, kisha uwashe upya bila `nomodeset`. Kadi ikiwa nzee kiasi cha kukosa draiva, zima mashine, chomoa plagi, itoe, utumie picha ya Intel iliyomo ndani. Kwa kazi za ofisini na filamu inatosha kabisa.

Sauti: jiulize inapita wapi

VGA haibebi sauti. Adapta ya DisplayPort kwenda VGA nayo kwa kawaida haiitoi. HDMI inabeba. Kwa hiyo aliyeunganisha televisheni kwa VGA anahitaji waya wa pili, kutoka tundu la kijani hadi kwenye televisheni au wufa.

Kisha fungua mipangilio ya sauti uone kifaa kilichochaguliwa. Ukiunganisha televisheni kwa HDMI, mfumo unaweza kuipeleka sauti huko huku wewe ukisubiri wufa iungurume. Chagua kinachosema "Analog" au "Line Out". Kisipoonekana, weka programu ya pavucontrol:

`sudo apt install pavucontrol`

Kwenye ukurasa wake wa mwisho, "Configuration", badilisha wasifu kutoka "Digital Stereo (HDMI)" kwenda "Analog Stereo Duplex". Kwenye mashine hizi, sauti ya HDMI na ya spika mara nyingi huwa kadi moja yenye nyuso mbili, na wasifu ndio unaoamua uso upi unatazama nje.

Sauti: wufa kimya, headphone zinaimba

Andika `alsamixer`. Bonyeza F6 uchague kadi halisi, mara nyingi "HDA Intel PCH", maana ukurasa wa kwanza hauonyeshi vidhibiti vyote. Safu yenye herufi MM chini yake imezibwa; isogelee, bonyeza `m`, iwe 00. Kisha tafuta "Auto-Mute Mode". Kazi yake ni kuzima spika za nyuma headphone zikichomekwa mbele. Kwenye mashine iliyotumika miaka mingi, tundu la mbele hulegea na kuidanganya kompyuta kwamba kuna headphone wakati wote. Weka "Disabled", wufa itaamka. Hifadhi kwa:

`sudo alsactl store`

Mint 22 husimamia sauti kwa PipeWire. Ikiganda baada ya kompyuta kulala, huna haja ya kuzima mashine:

`systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`

Ukiona "Dummy Output" pekee, maana yake mfumo haujapata kadi yoyote. Andika `aplay -l`. Kama hakuna kadi inayotajwa, ingia kwenye BIOS uhakikishe sauti haijazimwa. Baadhi ya ofisi zilizozimiliki mashine hizi ziliizima makusudi.

Sauti: wufa inavuma

Mvumo mzito usiokoma hata bila wimbo kwa kawaida hutoka kwenye stima. Nyumba zetu nyingi hazina waya wa ardhini unaofaa, na kompyuta na wufa zikichomekwa soketi tofauti, tofauti ya umeme kati ya soketi hizo husikika. Zichomeke zote kwenye ekstensheni moja. Kama ukigusa kava la chuma unahisi mwasho, acha kila kitu uite fundi wa stima. Hilo ni la usalama wa mwili wako kabla ya kuwa la sauti.

Jaribio langu la mwisho

Badala ya wimbo, mimi humalizia kwa Kiswahili:

`sudo apt install espeak-ng`

`espeak-ng -v sw "Karibu Kibera, sauti iko sawa"`

Nina sababu ya kufanya hivi. Mint huja na Orca, kisomaji cha skrini unachokiwasha kwa Alt, Super na S. Kwa asiyeona, sauti ndiyo skrini yake. Kompyuta isiyo na sauti kwake imezimwa, hata kama taa zinawaka. Ndiyo maana siikabidhi mashine yoyote kabla haijasema.

Ukishamaliza, fungua Timeshift, uliyo nayo tayari ndani ya Mint, upige picha ya mfumo ukiwa mzima. Sasisho likija likavuruga draiva, utarudi hapo bila kupakua chochote. Unaweza pia kuingia GRUB, uchague "Advanced options" na uwashe kwa kerneli ya zamani.

Mwisho, andika. Jina la mashine, dalili, kilichoiponya. Mwaka 2009 vijana wa hapa walipita vichochoroni na vifaa vya GPS wakaiweka Kibera kwenye OpenStreetMap, kazi iliyojulikana kama Map Kibera, na walichokiandika kikawa mali ya yeyote anayekihitaji. Dawa ya OptiPlex iliyopona Gatwekera, hapa Kibera, itaiponya nyingine Gatina, kule Kawangware. Ibandike ukutani kwenye saiba, itume kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, mfundishe kijana anayekutazama ukifanya kazi. Fundi mmoja hawezi kufika kila mlango, lakini karatasi moja yenye hatua sahihi inaweza kupita milango mingi.