Lisome grupu kabla hujaingia

Leo tuongelee haya magrupu ya WhatsApp ya kuuza na kununua. Kila siku unatumiwa linki, ya maharage, ya mawese, ya mitumba, na wengi tunabonyeza tu. Kesho yake bando limeisha kwa picha za watu, na namba yako wameshaiona watu mia saba usiowajua.

Ukibonyeza linki, WhatsApp haikuingizi hapo hapo. Inakuonyesha kwanza jina la grupu, picha, maelezo na idadi ya watu. Simama hapo, usome. Grupu la biashara kweli litasema linauza nini, eneo gani, na sheria za kutangaza. Likisema tuma ada upate faida kila siku, hilo sio soko, achana nalo.

Idadi isikutishe. Grupu moja linabeba mpaka watu 1,024, lakini mimi nauza maharage na asali hapa Nyabibuye, kwangu watu 90 wa Kakonko na Kibondo ni bora kuliko 1,000 wa Dar. Wa Kibondo mzigo unamfikia kwa gari la karibu. Wa Dar gunia lipande basi, na nauli inakula faida yote ukiwa na mtaji mdogo kama wangu.

Ukishaingia usiposti kwanza. Fungua taarifa za grupu uone lilianzishwa lini na maadmini ni akina nani. Angalia mwanzo wa namba zao: +255 ni sisi, +257 ni Burundi, na huku mpakani hao ni wateja kabisa. Ila admini mwenye namba ya nchi ya mbali huko anayejifanya ana maharage ya Kakonko, hapana jamani.

Kaa siku tatu, maana kwa kawaida ya nyuma huyaoni. (Telegram grupu la wazi unasoma hata kabla hujajiunga, hapo wametuzidi.) Cha kutafuta ni kimoja: kuna mtu anauliza bei akajibiwa? Nimekuta magrupu wauzaji watupu, wanatangaziana wenyewe kwa wenyewe kutwa nzima.

Mteja akipatikana humo, usitoe mzigo kwa sababu ametuma skrinishoti ya muamala. Angalia salio lako mwenyewe. Meseji ya utapeli ipeleke 15040, namba ya TCRA, haina haja ya kugombana naye.

Grupu likikushinda, toka. Tangu 2022 ukitoka wanaarifiwa maadmini tu, kwa hiyo hakuna wa kununa. Na kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, weka kwamba wanaoweza kukuingiza kwenye magrupu ni wale uliowasevu.