Mtoto anayetumia mkono wa kushoto tu

Katika nyumba zetu mtoto huanza kufundishwa kula kwa mkono wa kulia mara tu anapoweza kushika tonge, na hilo ni jema. Lakini yuko mtoto ambaye kila akikatazwa kushoto hurudi kushoto, mpaka huchapwa na kuitwa mkaidi. Leo tumwangalie huyo.

Kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa kawaida mtoto hachagui mkono. Hunyakua kwa wowote ulio karibu. Anayetumia mmoja tu katika umri huo, hasa kama ule mwingine umekunja ngumi na kidole gumba kimefichwa ndani, apelekwe kliniki ya watoto. Huenda upande mmoja umedhoofika kwa mtindio wa ubongo, yaani ubongo umedhurika ungali mchanga: tumboni, wakati wa kuzaliwa, au baadaye kwa maradhi kama homa ya uti wa mgongo. Hajarogwa. Na aliyekuwa akiutumia mkono vizuri kisha ghafla ukalegea, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo, hasa akiwa na selimundu.

Akishapimwa anaweza kupelekwa kwenye tiba kwa vitendo, fani ambayo hapa Tanzania hufundishwa KCMC, Moshi. Tiba hii humfundisha mtu shughuli zake za kila siku: kula, kuvaa, kuoga, na kwa mtoto, kucheza. Mtaalamu hupima na kupanga. Msaidizi wake ndiye hukaa mkekani na mtoto. Ukimtazama utadhani analipwa kwa kucheza! Kumbe kila mchezo una sababu. Kwanza humkalisha mtoto imara, nyayo zikigusa chini, kwani anayeyumba huitumia mikono kujishikilia. Kisha humpa mpira mkubwa usiobebeka kwa mkono mmoja, au kopo lenye kifuniko. Yeye mwenyewe huketi upande ulio dhaifu ili mtoto ageukie huko. Halafu husubiri, na kusubiri ndiyo kazi ngumu kuliko zote, maana akimfungulia kopo, zoezi limekwisha.

Wakati mwingine, kwa maelekezo ya mtaalamu, mkono wenye nguvu huvishwa soksi kwa muda wa mchezo ili ule dhaifu ufanye kazi. Usilijaribu hili peke yako nyumbani, wala usimfunge mtoto mkono kwa kamba.

Msaidizi huwa naye kwa muda mfupi. Wewe unaye kutwa. Mpe chapati aichane kwa mikono miwili. Bakuli lizuiliwe na mkono dhaifu wakati mzima unakula. Kanzu ianze kuvishwa mkono dhaifu, na kuvuliwa ianze mzima. Ngumi iliyokakamaa usiifungue kwa kuvuta vidole. Mwombe msaidizi akuonyeshe namna.

Ama kuhusu kula kwa kulia, wanazuoni wameeleza kuwa mwenye udhuru wa maradhi hana lawama. Basi nawe ustadhi, mtoto huyu akishika kalamu kwa kushoto mwache aandike, ila mkumbushe mkono wa kulia uwe juu ya daftari, ulizuie lisiteleze.