Washairi wa Uajemi na Mwalimu wa Boyoma: Mafunzo Manne

Nimefundisha Kifaransa na fasihi katika shule za sekondari za Kisangani, mji tunaouita Boyoma, mpaka mvi zikanivamia. Nyinyi wadogo zangu mnaotunga mashairi usiku kwa mwanga wa simu, nawaachia mambo manne niliyojifunza kwa Waajemi, ingawa nchi yao sijaikanyaga.

1. Ulizia njia kabla ya kusema "hayatuhusu"

Kila mwaka nilisomesha ile ngano ya La Fontaine ya mtu aliyeota waziri yuko peponi na mtawa yuko motoni. Nilidhani ni mali ya Wafaransa. Baadaye nikapata Gulistan ya Saadi wa Shiraz, iliyoandikwa mwaka 1258, na ndoto yenyewe nikaikuta humo, ila badala ya waziri yupo mfalme. André du Ryer alikuwa ameitafsiri Gulistan kwa Kifaransa mwaka 1634, La Fontaine akiwa kijana bado. Na kile kisa cha punda wa dobi, ambacho mmisionari Mwingereza Edward Steere alikisikia Zanzibar na kukichapisha mwaka 1870? Asili yake ni India, kikapita katika Kiajemi cha kale, kisha Kiarabu. Kumbe Waajemi walitufikia kwa milango miwili, wa shule na wa pwani, na sisi hatukuwatambua. Basi usiogope kusoma vya mbali.

2. Mshahara hauui ushairi

Mwanafunzi wangu mmoja, hodari wa hesabu, alinijia akitaka kuacha masomo awe mshairi. "Papa Mwalimu," akasema, "namba zinanikausha." Nikamtajia Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi. Enzi zake alisifika kwa hesabu na elimu ya nyota, akawa miongoni mwa waliotengeneza kalenda ya Jalali mwaka 1079. Nikamtajia pia mshairi Shaaban Robert, karani wa forodha wa Tanganyika, ambaye ndiye aliyetupa Omar Khayyam kwa Kiswahili. Kijana akarudi kwenye hesabu zake. Siku hizi beti zake zinashinda zangu, jambo ambalo sijalizoea.

Tafuta kazi ya kukulisha, ili shairi lisilazimike kukulipia kodi ya nyumba.

3. Kitabu kisichouzika hakijafa

Diwani yangu ya kwanza niliitolesha fotokopi nikaipeleka sokoni. Haikununuliwa. Siku moja nikanunua karanga, na karatasi iliyozifunga ilikuwa na shairi langu, ukurasa wa saba, pamoja na kosa langu la tahajia. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kando yangu dereva wa toleka, baiskeli ya kubeba abiria, alikuwa ameshakunjua karatasi yake, anatafuna huku anasoma midomo ikimchezacheza. Alipomaliza karanga aliikunja, akaitia mfukoni.

Edward FitzGerald alipomtoa Khayyam kwa Kiingereza mwaka 1859, kitabu kilikaa dukani hadi kikatupwa katika sanduku la vitabu vya peni moja. Huko ndiko kilikookotwa na watu waliojua thamani yake, kikaenea duniani. Tafsiri hiyo ya Kiingereza ndiyo aliyoitumia Shaaban Robert. Kazi yako ni kuandika vizuri na kutunza nakala. Msomaji wako huenda bado yuko njiani.

4. Usimtaje usiyemsoma

Katika harusi moja, kwenye hotuba yangu, nilitoa maneno matamu ya mapenzi niliyoletewa kwenye simu, nikasema ni ya Rumi, mshairi wa Kiajemi. Makofi yakapigwa. Binti mmoja wa chuo kikuu akaniuliza kwa adabu: "Papa, yako katika kitabu gani?" Nikasingizia kelele za muziki. Mengi yanayozunguka kwa jina la Rumi si yake, na mengine yametoka kwa Coleman Barks, Mmarekani asiyesoma Kiajemi, aliyeyaandika upya kutoka tafsiri za wenzake. Rumi mwenyewe, aliyefariki Konya mwaka 1273, ni mwanachuoni wa Kiislamu. Masnavi yake ina vitabu sita na beti zipatazo 25,000, na Kurani imeenea humo.

Chagua mshairi mmoja, msome kitabu kizima, ndipo umtaje mbele za watu. Mimi Masnavi nimeianza nikiwa mstaafu, nikiwa na miwani miwili. Wewe macho yako bado mazima: anza na Gulistan, ni fupi, na visa vyake vinachekesha.