Kompyuta ya Nyumbani: Tuitengeneze au Tununue Nyingine?



Wengi wenu mna kompyuta moja nyumbani, nayo hutumiwa na wazazi na watoto wote. Inapoanza kusumbua, neno la kwanza kusikika ni "imekufa, tununue nyingine." Katika somo hili tumeona ni vyema tueleze kwa nini tusikimbilie neno hilo, na ni wakati gani neno hilo ni la kweli.

Tuchukue mfano wa kompyuta ya nyumbani kwetu. Ilichelewa sana kuwaka, ikiganda kila tulipoingia kwenye intaneti, na saa yake ilirudi nyuma miaka mingi kila tulipochomoa umeme. Na ndani yake mlikuwa na picha za marehemu babu yetu ambazo hazikuwepo popote pengine.

Kwanza: Okoa mafaili. Kompyuta hununuliwa, lakini picha ya marehemu hainunuliwi. Kabla ya kugusa kitu chochote, nakili mafaili yako kwenye flashi au diski ya nje. Weka nakala mbili, tena mahali tofauti. Ukisikia diski inagonga au kukwaruza, izime na umwone fundi, kwani kuendelea kuiwasha huweza kuzidisha uharibifu.

Pili: Tafuta ugonjwa kabla ya dawa. Saa kurudi nyuma ni dalili ya betri ndogo ya ndani kuisha. Kwa kompyuta nyingi za mezani betri hiyo ni CR2032 ya volti 3, na bei yake ni ndogo. Kompyuta inayopata moto na kuzimika ghafla mara nyingi imejaa vumbi. Izime, chomoa umeme, ifungue, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini huku umeishikilia feni isizunguke. Ikiwa ni nzito, na inatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uone ni programu ipi inayokula memori au diski. Ondoa programu usizozihitaji, zuia zile zinazojiwasha zenyewe, na upime virusi. Yote yakishindikana, weka Windows upya, maadamu nakala zako ziko salama.

Tatu: Badilisha kiungo kimoja. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka ndani yake. SSD haina kinachozunguka, ndiyo maana husoma kwa kasi zaidi. Sisi tulibadilisha betri na kuweka SSD tu, na kompyuta ikaanza kuwaka upesi. Kama memori yako ni GB 4, kuongeza hadi GB 8 nako husaidia sana. Muulize fundi kwanza ni aina gani inayokubaliana na mashine yako.

Nne: Lini tununue nyingine? Kompyuta inaweza kuwa nzima na bado isiwe salama. Msaada wa kawaida wa Windows 7 ulikoma Januari 2020, na wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo usiopata masahihisho huacha milango wazi kwa wezi na virusi. Windows 11 inataka, pamoja na mengine, memori ya GB 4, nafasi ya GB 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0. Yetu haikuwa nacho. Kwa kuwa kazi zetu ni kuandika, kusoma na kutuma barua pepe, tuliweka Linux Mint, ambayo ni ya bure. Lakini mwenye programu ya kazi inayotaka Windows 11 hana budi kununua. Vilevile, bodi kuu ikiungua, au gharama ya matengenezo ikizidi nusu ya bei ya kompyuta nzuri iliyotumika, kununua ni bora.

Kwa hiyo, ndugu zetu, utaratibu ni huu: okoa, chunguza, tengeneza, kisha amua. Anayeanza na kununua hupoteza fedha za wazazi, na pengine hata picha za babu.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini nakala hutangulia matengenezo?
2. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma, tutazame nini?
3. Taja sababu mbili za kununua kompyuta nyingine.